Nimetumia NeST kwa tenda tatu, kuomba ni kuzuri ila mkataba ukishasainiwa ndo kazi inaanza

Mimi ni mkandarasi mdogo wa majengo, daraja la saba, na nimeshaomba tenda tatu kwenye NeST, ule mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa serikali ya Tanzania ulioanza Julai 2023 na kuchukua nafasi ya mfumo wa zamani, TANePS. Nikapata moja, vyumba vya madarasa.

Kwenye kuomba naupa nyota nne kati ya tano bila kusita. Zamani unapanda basi usiku kucha kwenda kununua makabrasha ya zabuni, unadurufu nakala, unafunga kwenye bahasha na lakiri, halafu unafika unaambiwa sanduku limefungwa dakika kumi zilizopita. Sasa hivi nipo nyumbani na laptopu, TIN yangu (namba ya mlipakodi) imo, leseni imo, usajili wa CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) umo, najaza bei natuma, muda ukifika zabuni zinafunguliwa humo humo, na ukiona umeonewa malalamiko unayapeleka humo humo pia. Na sheria mpya ya 2023 imetusaidia wazawa, kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 ni zetu, na asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya taasisi inatengwa kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kama una kikundi kimesajiliwa na hamjaingia humo mnachelewa jamani.

Sasa njoo kwenye mkataba. NeST ina sehemu yake ya kusimamia mikataba, wazo zuri kabisa, kila hatua iwe inaonekana. Lakini sehemu ile inajazwa na mtu, na kwenye taasisi niliyofanya nayo kazi (jina silitaji) tukishasaini tu tukarudi kwenye karatasi. Kukabidhiwa saiti ni barua, kuomba cheti cha malipo (kile kinachothibitisha kazi uliyofanya ili ulipwe) ni barua, mvua za masika zimetusimamisha wiki mbili naomba nyongeza ya muda, barua, majibu kwanza hamna. Nimemaliza lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) nikaomba cheti cha kwanza, mhandisi akaja akapima akasaini siku hiyo hiyo, sina neno naye, lakini faili likaenda ugavi, likaenda uhasibu, likaenda kwa mkaguzi wa ndani, likarudi ugavi kwa sababu kiambatisho kimoja hakikuwemo, nikakileta, aliyekuwa anahusika kasafiri, na huku mafundi wanataka hela yao ya Jumamosi na mwenye duka la nondo anapiga simu kila asubuhi. Miezi minne! Saruji imepanda na mkataba wangu ni wa bei isiyobadilika, hiyo tofauti nimeibeba mimi.

Kinachouma ni kwamba mimi nikichelewa nakatwa fidia ya kila siku, imeandikwa. Wao wakichelewa kulipa mkataba unasema kuna riba, imeandikwa pia, lakini mkandarasi gani mdogo ataidai wakati mwakani anataka kuomba tena kazi kwa watu wale wale? Na sio mimi peke yangu, ripoti za CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) zinazotoka kila Aprili hazikosi habari za wakandarasi kucheleweshewa malipo na mikataba kusimamiwa ovyo.

Kwa hiyo upande wa usimamizi wa mkataba nyota mbili, na hizo mbili ni za yule mhandisi. Ningeomba kitu kimoja tu, cheti cha malipo kiombwe na kipitishwe ndani ya mfumo, kila meza ionyeshe faili limekaa siku ngapi, kama tunavyohesabiwa siku sisi.

Unayeanza, hakikisha kila barua nakala yako inapigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, piga picha saiti kila siku, shajara ya saiti (daftari la kazi za kila siku) usiache hata siku moja, na usisaini kabla hujajua mafundi utawalipa nini kwa miezi mitatu ya mwanzo. Mimi kilichoniokoa kwenye nyongeza ya muda ni zile picha za msingi umejaa maji.