Chati ya ukutani ya jedwali la elementi, nimeitumia mwezi mzima na watoto wa tuisheni

Nilinunua elfu 8 kwenye steshenari moja Kariakoo, saizi kubwa, imepigwa laminesheni kwahiyo vumbi la chaki unafuta tu na kitambaa. Nafundisha kemia kidato cha pili na cha tatu na kiukweli imenisaidia sana.

Utamu wake ni kwamba kila familia, yaani kundi la elementi zilizopangwa safu moja ya kushuka, ina rangi yake, halafu pembeni wameweka tabia inavyobadilika ukishuka chini. Kundi la kwanza kwa mfano, lithiamu inayeyuka nyuzi 180, sodiamu 98, potasiamu 63, rubidiamu 39, siziamu 28 na ushee. Nikawauliza, saa nane mchana bati linavyowaka humu ndani siziamu ingekaaje? Binti mmoja kaangalia chati kasema ingekuwa uji mwalimu, hata kiganjani ingeyeyuka. Aisee nilifurahi, ila nikamwambia hiyo haishikwi, ikikutana na hewa tu inawaka moto.

Na hapo ndo nikapata mlango wa halojeni, ile familia ya florini, klorini na wenzake, maana watoto wengi wanakariri kwamba ukishuka chini ukali, yaani wepesi wa kuungana na vitu vingine, unaongezeka kila kundi, sio kweli. Metali za kundi la kwanza zinatoa elektroni, sasa ya nje ikiwa mbali na kiini inaachiwa kirahisi, ndo maana potasiamu inaishinda sodiamu. Halojeni zenyewe zinavuta elektroni, kwahiyo aliye mdogo ndo anavuta kwa nguvu, florini iko juu na ndo kali kuliko wenzake wote. Chati imechora mishale miwili inayopingana, wameelewa siku moja kitu nilichokuwa narudia kila muhula. Hata hali zake zipo, klorini gesi ya kijani-njano, bromini kimiminika chekundu-kahawia, iodini kipande cheusi kinachong'aa.

Kasoro zipo. Haidrojeni wameipaka rangi ileile ya metali za kundi la kwanza, na hiyo ni gesi jamani, inakaa pale kwasababu ya elektroni yake moja tu, mtoto akijibu kwamba ni metali kwenye mtihani anakosa. Halafu elementi namba 113, 115, 117 na 118 bado zina majina ya muda wakati majina rasmi yalipitishwa 2016, nimeandika oganesoni na wenzake kwa maka peni.

Ukienda kununua ifungue kwanza palepale dukani, angalia namba 118 mwisho wa mstari wa saba, ukikuta Uuo, ile alama ya jina la muda, omba wakupe ya toleo jipya, ukikuta Og ya oganesoni lipa.