Uzoefu wangu: mhasibu aliyetugawia bei ya londri kabla hatujasaini (Texas)

Wadau mlioko Marekani mnaotafuta biashara ya kununua, hii ni kuhusu ofisi ya mhasibu wa kodi tuliyoitumia hapa upande wa Dallas. Ofisi ndogo tu, mwenyewe ni dada wa Kikenya, CPA (mhasibu mwenye leseni), na wasaidizi wake. Nawapa nyota nne, na hiyo moja iliyopungua nitasema imeenda wapi.

Mimi na mke wangu tulikuwa tunanunua londri, zile ambazo watu wanakuja kufua wenyewe. Bei dola 240,000, na kati ya hizo mzee aliyekuwa anauza alikubali 60,000 tumlipe taratibu. Tulinunua mali za biashara, siyo hisa za kampuni yake, na ukinunua hivyo kifungu cha 1060 cha sheria ya kodi ya huku kinataka bei yote igawanywe kwenye mafungu saba, unaanza na keshi, huko katikati kuna stoki na mashine, na kinachobaki mwisho kabisa ndo gudwili, yaani jina na wateja waliozoea kuja. Mnunuzi na muuzaji kila mmoja anaambatanisha fomu 8594, inayoonyesha huo mgao, kwenye ritani yake (tamko la kodi) ya mwaka huo. Na mkishaandikiana mgao mkasaini, unawafunga wote wawili, IRS (mamlaka ya kodi ya huku) peke yao ndo wanaweza kuukataa wakiona thamani siyo halisi.

Sasa rasimu ya mkataba ya dalali ilikuwa na mgao tayari, jedwali dogo ukurasa wa mwisho ambao watu wengi wanapita tu: mashine 60,000, sabuni na vitu vidogo 2,000, ahadi ya mzee kutofungua londri nyingine jirani 40,000, gudwili 138,000. Yule dada alivyoliona tu akaniambia, "Ndugu yangu, usisaini hii kwanza, hapa kuna pesa yako imelala."

Akafungua spredishiti yenye safu mbili, moja mimi moja mzee, kila akibadilisha namba unaona nani anaumia. Kwangu mashine ni mali ya kufutwa haraka, yaani gharama yake unaitoa kwenye kipato kinachokatwa kodi, na kwa sheria iliyosainiwa Julai 2025 mali ya aina hiyo iliyonunuliwa baada ya tarehe 19 Januari 2025 unaweza kuifuta yote asilimia 100 mwaka wa kwanza, hata kama ni mtumba, ilimradi kwako ni mpya. Gudwili unaifuta kwa miaka 15, pole pole. Kwa mzee ni kinyume kabisa. Gudwili anakatwa kodi ya faida ya mtaji ambayo ni nafuu, lakini mashine zake alishadai uchakavu mpaka zikafika sifuri kwenye vitabu, kwahiyo kila dola tunayoziandikia inarudi kwake kama kipato cha kawaida, na mbaya zaidi anailipia kodi mwaka ule ule wa kuuza hata kama hela yetu nyingine bado haijamfikia. Ndo maana mzee alikuwa mkali sana kwenye zile 60,000, na kiukweli nilimwelewa.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni yule dada alivyoishughulikia ile 40,000 ya ahadi ya kutoshindana. Mimi ningefikiri ahadi ya miaka mitatu naifuta kwa miaka mitatu, kumbe hapana, nayo ni miaka 15 sawasawa na gudwili. Na kwa mzee ni kipato cha kawaida. Yaani ile namba ilikuwa inamuumiza mzee bila kunisaidia mimi hata senti moja! Basi akapendekeza ishuke mpaka 5,000, tofauti iende kwenye gudwili, na hapo ndo tukapata cha kumpa mzee ili mashine ziandikwe kwa thamani yake ya kweli.

Na alisisitiza sana hilo neno, ya kweli. Hakukubali kubuni namba. Akaleta mthamini ambaye alipita mashine moja moja anaandika serial namba na mwaka wa kutengenezwa, madraya (mashine za kukaushia) makubwa ya ukutani yalikuwa mapya kuliko tulivyodhani, jumla akatoa 110,000. Mwisho ikawa mashine 110,000, vitu vidogo 2,000, ahadi 5,000, gudwili 123,000. Mzee akapiga hesabu akaona kipato chake cha kawaida kimepanda 15,000 tu, mimi nikakubali kumlipa mthamini mwenyewe, tukamalizana. Upande wetu ni dola 50,000 zaidi za kufuta mwaka wa kwanza, na bei haikubadilika.

Nilimuuliza yule dada, je tungesaini ile ya mwanzo halafu tukarekebisha baadae kwenye ritani? Akanipa kesi ya Peco Foods, kampuni ya kuku, walinunua viwanda viwili Mississippi miaka ya 90, wakakubaliana mgao kwenye mkataba, baadae wakataka kuyachambua majengo vipande vipande wafute haraka zaidi, Mahakama ya Kodi ikawakatalia 2012 na rufaa nayo wakashindwa 2013. Maneno yalikuwa yameshaandikwa, basi.

Kitu kingine nilichopenda, aliuliza nani atakuwa anashinda pale londri kila siku, maana bila sisi wenyewe kushiriki kazi kwa kiwango kinachotakiwa, ile hasara ya makaratasi inayotokana na kufuta mashine isingeruhusiwa kupunguza mishahara yetu kwenye hesabu ya kodi. Mke wangu ndo yupo pale, wakatufundisha kuweka kumbukumbu ya masaa.

Nyota iliyopotea: msimu wa ritani, kuanzia mwezi wa tatu, kumpata ni shughuli, imeili zinakaa siku nyingi. Pia kujaza fomu 8594 kulikuwa na malipo yake tofauti na ya ushauri, na hilo hatukuambiwa mwanzo, tukaliona kwenye bili. Ulizeni mapema. Na mpelekeeni mhasibu mkataba ukiwa bado rasimu, sisi tulimpelekea wiki ya kufunga dili na nusura mzee aondoke kwasababu ya kusubiri mthamini.