Duka la nafaka Amu linalokupa bambo mkononi

Nafundisha hesabu hapa Amu (Lamu), na kununua chakula cha shule ni jukumu langu. Mwaka jana, kwenye duka jingine, nilionyeshwa ungo wa maharagwe mlangoni, punje zinang'aa. Punda walipofikisha magunia uani, nusu ya gunia la kwanza ilikuwa imebunguliwa. Niliumia sana.

Duka hili la nyuma ya soko ni tofauti kabisa. Mwenye duka alinipa bambo, kile chuma chenye ncha na uwazi cha kuchomea gunia na kutoa punje: "Mwalimu, choma utakapo." Nikachoma magunia yote kumi, juu, kati na chini, punje 20 kila gunia. Katika 200, mbovu zilikuwa 14, yaani asilimia 7. Kwa hesabu, ubovu wa mzigo mzima uko takriban kati ya asilimia 3 na 11. Kuipunguza shaka hiyo kwa nusu ningehitaji punje 800, si 400, kwa kuwa inafuata kipeuo cha pili cha idadi.

Ila wingi hausaidii sampuli ikipendelea upande. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipata majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri ushindi wa Landon katika uchaguzi wa rais, akashinda Roosevelt. Majina mengi lilikuwa limeyatoa kwenye orodha za wenye simu na magari, yaani wenye uwezo wa wakati huo. Ni ungo ule ule wa mlangoni.

Ndani mna giza, nendeni na tochi. Alipoziona zile 14 kiganjani mwangu, mwenye duka alipunguza shilingi 200 kila gunia kabla sijafungua mdomo.