Mizani ya gramu 0.01 na rupia ya Mjerumani: uzoefu wangu wa kuhakiki sarafu za kale nyumbani

Vifaa ninavyovizungumzia hapa ni vinne: mizani ndogo ya kidijitali ya mfukoni yenye mwisho wa gramu 200 na inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya kidijitali ya kupimia kipenyo, kioo cha kukuza mara 10 kama kile cha masonara, na kisumaku cha neodimiamu chenye upana wa kifungo cha shati. Nimevitumia muda mrefu kwa sarafu zinazotoka kwenye masanduku ya bibi na babu zetu: rupia na heller (chenji ndogo ya rupia) za Mjerumani, pesa za Kampuni (kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki), paisa za Zanzibar, reale za Maria Theresa (sarafu kubwa za fedha za Austria). Mizani naipa nyota tano. Kalipa nne. Kioo nne. Sumaku tatu, na sababu nitaeleza.

Niseme mapema: watu wengi huanza kwa kukodolea macho sura ya mfalme. Anza na mizani. Sura huigwa vizuri siku hizi, lakini uzito na ukubwa kwa pamoja ni vigumu kuviiga bila kutumia madini yenyewe.

Chukua rupia moja ya Mjerumani, ambayo ndiyo inayopatikana zaidi Tanzania Bara. Ilipigwa kwa kipimo kilekile cha rupia ya India ili wafanyabiashara wa pwani waipokee: gramu 11.66, kipenyo milimita 30.5, fedha ya 917 kwa 1000, iliyobaki shaba. Nusu rupia ni gramu 5.83, robo ni 2.92. Rupia iliyotumika sana hupungua, na zile zilizochakaa hunisomea kati ya 11.3 na 11.6. Ikisoma 10 na kipenyo chake ni sahihi, jua karibu hakika umeshika mchanganyiko wa shaba na nikeli, kwa sababu madini hayo ni mepesi kuliko fedha na kwa umbo lilelile hutoa takriban gramu 10. Ikisoma zaidi ya 11.75, nayo si habari njema. Sarafu halisi huchakaa, hainenepi, isipokuwa kama imewahi kuwa kidani na bado ina lehemu mgongoni. Hilo hutokea mara nyingi, kwa hiyo geuza, tafuta doa la kijivu lililovimba karibu na ukingo kabla hujaitupa.

Kabla ya kuamini namba yoyote, ihakiki mizani yenyewe. Hii niliyonunua haikuja na jiwe la kuhakikia la gramu 100, na huo ni upungufu wa kweli. Mwenye ndugu ughaibuni amwombe sarafu mpya ya senti 5 ya Marekani, ambayo hupigwa kwa gramu 5.00 kamili, au euro 1, ambayo ni 7.50. Ikitofautiana kwa 0.02 inatosha kwa kazi hii. Ikitofautiana kwa 0.10, badilisha betri kwanza, kisha fuata maelekezo ya kuirekebisha. Zima feni, funga dirisha, na usiweke simu juu ya meza hiyohiyo. Mizani hizi ni nyepesi kiasi kwamba upepo wa feni ya dari tu huifanya namba icheze.

Baada ya uzito, kipimo cha maji. Hiki ndicho kilichonifanya niipende mizani hii kuliko kifaa kingine chochote, kwa sababu kinaingia ndani ya sarafu bila kuikwangua. Weka kikombe chepesi cha plastiki juu ya mizani, tia maji kama mililita 100. Usitumie bilauri ya kioo: yenyewe tu inaweza kupita gramu 200 na mizani ikakuandikia kosa. Tia tone moja la sabuni ya maji ili mapovu yasishike kwenye sarafu. Bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, uning'inize kutoka kwenye kijiti kilicholala juu ya vitabu pande mbili, sarafu izame yote lakini isiguse chini wala ubavuni. Namba itakayotokea ni ujazo wa sarafu. Gawa uzito wa kwanza kwa namba hiyo.

Rupia halisi yenye gramu 11.66 hunisomea 1.13. Gawa, unapata 10.3, na hapo ndipo fedha ya 917 inapotakiwa kuwa. Shaba na nikeli hutoa karibu 8.9, shaba ya manjano karibu 8.5. Tofauti ni kubwa, huhitaji kubahatisha.

Mahali kipimo hiki kinapoharibika napajua vizuri. Ukishika uzi kwa mkono badala ya kijiti, namba itatembea. Sarafu ikigusa chini, mizani itasoma uzito, si ujazo. Povu moja likibaki nyuma ya kichwa cha Kaisari wa Ujerumani, ujazo unaongezeka na rupia halisi inaonekana bandia, kwa hiyo itikise kidogo ndani ya maji kabla ya kusoma. Kwa robo rupia usijisumbue: ujazo wake ni kama 0.28, na kosa la 0.01 tu linakupeleka kutoka 10.1 hadi 10.8. Halafu kuna hili linaloudhi la mizani yangu kujizima baada ya sekunde 60 na kupoteza sifuri, wakati sarafu bado inazungukazunguka kwenye uzi. Tayarisha kijiti na uzi kwanza, ndipo uiwashe.

Sumaku nimeipa tatu kwa sababu watu wanaitegemea kupita uwezo wake. Ikinasa, sarafu ina chuma, na mjadala umekwisha. Isiponasa, bado hujajua kitu, maana shaba, nikeli iliyochanganywa na shaba, na risasi zote hazinasi. Kuna jaribio zuri zaidi: inamisha sarafu nyuzi 45 na uiachie sumaku iteleze juu yake. Kwenye fedha hushuka polepole kama inayoteleza kwenye asali. Kwenye shaba ya manjano hudondoka haraka. Lakini shaba nyekundu nayo huipunguza kasi karibu sawa na fedha, kwa hiyo shaba iliyochovywa fedha itapita hapa. Kwenye maji haitapita.

Na kwa kuwa tunazungumzia sumaku: ile habari kwamba rupia halisi huvuta mchele haina ukweli wowote. Fedha haivuti mchele, shaba haivuti mchele. Ukiona punje zinaruka, basi punje zimepakwa unga wa chuma na ndani ya kile kitu kuna sumaku. Watu wameuza ng'ombe na viwanja kwa ajili ya jambo hili, na inauma kuliona likiendelea.

Sasa kioo. Kitumie chini ya taa inayotoka ubavuni, kama tochi ya simu iliyolazwa mezani. Sarafu iliyopigwa kwa mashine ina uwanja laini na herufi zenye kingo kali, hata kama zimechakaa juu. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu ina vitundu vidogovidogo kama ngozi ya chungwa, herufi zilizovimba kama zimelowa, na mara nyingi mshono ukingoni. Rupia ina meno ukingoni. Yatazame yote kwa kuizungusha, si upande mmoja tu. Bandia nyingi zina sehemu ambayo meno yamefutwa kwa tupa ili kuficha mshono.

Halafu soma maandishi, kwa sababu wengi wa wanaotengeneza bandia hawakusoma. Rupia za Kampuni, za 1890 hadi 1902, upande wa kichwa zina Kaisari aliyevaa helmeti yenye tai juu yake na maneno GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili zina nembo yenye simba na mti wa jamii ya mnazi, pamoja na jina la Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Hazina herufi ya kiwanda. Kuanzia 1904, baada ya serikali ya Ujerumani kuchukua sarafu mikononi mwake, simba anaondoka: inabaki DEUTSCH OSTAFRIKA, thamani na mwaka ndani ya matawi, pamoja na herufi A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Kwa hiyo rupia yenye simba na mwaka 1912 haikuwahi kuwepo. Yenye simba na herufi J pia haikuwahi kuwepo. Na hakuna rupia moja ya 1895, 1896 wala 1903. Miaka hiyo haikupigwa. Orodha ya miaka, uzito na vipenyo utaipata bure kwenye katalogi ya Numista mtandaoni, na kwa utambuzi peke yake naipendelea kuliko programu yoyote ya picha.

Programu za simu za kutambua sarafu kwa picha nimezijaribu pia. Moja ya kulipia iliitaja pesa ya shaba ya 1890 kuwa ni ya Oman kwa sababu ya maandishi ya Kiarabu, ingawa nyuma yake kuna tai wa Kijerumani. Sarafu iliyosafishwa na yenye picha kali iliitambua. Lakini hakuna programu inayoweza kukuambia kama ni halisi, maana picha haina uzito.

Kosa lingine la kawaida ni paisa ya Zanzibar yenye picha ya mizani. Imeandikwa 1299 kwa tarakimu za Kiarabu, na watu huja wakisema ina zaidi ya miaka mia saba. Hiyo ni 1299 ya Hijria, sawa na 1882, enzi za Seyyid Barghash. Reale ya Maria Theresa nayo: karibu zote unazozikuta zina mwaka 1780, hata zilizopigwa karne ya 20, na Vienna bado inazipiga. Halisi inatakiwa gramu 28.07, fedha ya 833, kwenye maji kama 2.75, na ukingoni maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka. Ukiipata sahihi, umethibitisha kuwa ni fedha. Hujathibitisha kuwa ni ya zamani.

Mizani inanyamaza kwa sarafu za Tabora za 1916, zenye herufi T. Zile za heller 20 za shaba na shaba ya manjano zilitengenezwa wakati wa vita kwa vifaa vya karakana ya reli, na uzito wake haulingani moja na nyingine. Hapo ni kioo na kulinganisha picha, basi. Ila rupia 15 ya dhahabu yenye tembo ni tofauti: gramu 7.17, dhahabu ya 750. Kwenye maji inatakiwa isome kama 0.48. Ya shaba ya manjano yenye uzito uleule itasoma zaidi ya 0.80. Zilipigwa elfu kumi na sita na kidogo tu, na nyingi ninazoonyeshwa ni za shaba ya manjano.

Kwa sarafu hiyo, na kwa rupia 2 za 1893 na 1894 zenye gramu 23.32, kipimo cha nyumbani ni chujio tu. Ikipita, iende kwa wataalamu wa kuhakiki kama NGC au PCGS. Kwa rupia moja ya kawaida, gharama ya kuituma inaweza kuzidi bei yake.

Usiisugue kwa ndimu, jivu wala dawa ya meno. Weusi wake ni sehemu ya thamani yake, na ukishaondoka haurudi. Usikubali pia ikwanguliwe kwenye jiwe la sonara: tindikali inasoma ngozi ya juu tu, na alama itabaki milele. Hata mashine ya eksirei inasoma tabaka la juu.

Mifuko laini ya PVC huacha ute wa kijani, kwa hiyo tumia vibebeo vigumu au bahasha ya karatasi. Juu ya bahasha andika uzito, kipenyo na namba ya maji. Sarafu ikienda kuonyeshwa kwa mnunuzi na kurudi, ipime hapohapo mbele yake. Iliyotoka ikisoma 11.52 lazima irudi ikisoma 11.52.