"Autoportrait" ya Samuel Fosso: kitabu cha picha kinachomfaa mwenye studio

Kitabu hiki kilitolewa mwaka 2020 na Steidl ya Göttingen, Ujerumani, kwa kushirikiana na The Walther Collection, taasisi inayokusanya picha, na ndicho cha kwanza kuikusanya kwa mapana kazi ya Samuel Fosso, mpiga picha anayejipiga mwenyewe (ndiyo maana ya "Autoportrait"), tangu picha za ujana wake hadi za miaka ya karibuni. Mhariri wake ni Okwui Enwezor, Mnigeria aliyeandaa maonyesho makubwa ya sanaa Ulaya, ambaye alifariki mwaka 2019 kabla kitabu hakijatoka. Ni kizito, bei yake inauma, na maandishi yote ni ya Kiingereza. Hata hivyo, mpiga picha wa studio ndiye msomaji wake halisi kuliko msomi wa sanaa, kwa sababu Fosso ni mtu wa studio, na kila alichofanya baadaye kilianzia kwenye kazi ya kupiga picha za pasipoti.

Alizaliwa mwaka 1962 Kumba, Kamerun, akalelewa na babu na bibi yake Nigeria, upande wa Waigbo. Utotoni alipooza sehemu ya mwili, na kwa sababu ya hali hiyo familia haikumpeleka kupigwa picha ya uchanga kama ilivyokuwa desturi. Babu yake, mganga, ndiye aliyemtibu. Ikaja vita ya Biafra. Mwaka 1972 mjomba wake, fundi viatu, akamchukua kwenda kuishi naye Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kijana akajifunza upigaji picha kwa miezi michache kwa mpiga picha wa jirani, na mwaka 1975, akiwa na miaka 13, akafungua studio yake mwenyewe.

Sehemu ya picha za miaka hiyo ndiyo roho ya kitabu. Ni za mraba, nyeusi na nyeupe, na ili kuzielewa ni vizuri kukumbuka hesabu ya mkanda. Mkanda wa 120 (filamu pana) kwenye kamera ya 6×6, yaani fremu ya sentimita 6 kwa 6, unatoa picha 12 tu. Mteja wa pasipoti anakula moja au mbili, na anataka picha zake kesho. Jioni ikifika unabaki na fremu tatu au nne tupu, na mkanda lazima utoke ukasafishwe. Fosso alikuwa akifunga studio, anabadilisha nguo, kisha anamalizia fremu zile kwa kujipiga mwenyewe. Picha alimtumia bibi yake Nigeria, ajue kwamba mjukuu yu mzima. Ndivyo sanaa yake ilivyoanza: mabaki ya mkanda na mtu mmoja aliyetaka bibi yake amwone.

Mwenye kazi atazame ukali wa sura kwanza. Anayejipiga mwenyewe hana mtu wa kumlengea lenzi, na kosa la kawaida ni pazia la nyuma kutoka kali huku uso umefifia, kwa kuwa lenzi ililengwa kwenye pazia wakati hakuna aliyesimama mbele. Dawa yake inajulikana: weka stuli mahali utakaposimama, lenga stuli, chora chaki sakafuni, kisha punguza tundu la lenzi. Kwa lenzi ya milimita 80 na umbali wa mita 3, tundu la f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) linakupa ukali wa takriban sentimita 40 tu, yaani ukirudi nyuma hatua moja umeharibu. Kwa f/8 unapata zaidi ya mita moja. Hapo ndipo mtu anaweza kukaa pozi kwa raha, akageuza bega, akanyoosha mguu.

Na pozi la Fosso ni la kusoma polepole. Bugaluu pana, viatu vya raizoni vyenye soli ndefu, miwani mikubwa, nguo alizoziiga kutoka kwa Wamarekani weusi magazetini na kwa mwanamuziki Prince Nico Mbarga. Usiishie usoni. Shuka hadi miguuni uone uzito wa mwili umewekwa mguu upi, na mkono usio na kazi ameupeleka wapi. Wateja wetu wengi hutoka wamekakamaa kama askari kwa sababu hakuna aliyewaonyesha mkono uende wapi. Kurasa hizi zinaonyesha majibu mengi.

Picha hizo zilikaa kimya karibu miaka ishirini, hadi Mfaransa Bernard Descamps alipofika Bangui akitafuta wapiga picha kwa ajili ya maonyesho ya kwanza ya picha ya Bamako, Mali, mwaka 1994. Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi, na mwaka 1997 duka la Tati la Paris likampa kazi. Hapa tunaingia kwenye rangi, na kwa mara ya kwanza ana wasaidizi na watu wa vipodozi. Kwenye mfululizo huu kuna picha maarufu kuliko zake zote, ambamo yeye mwenyewe ndiye chifu aliyeiuza Afrika kwa wakoloni. Amekaa kwenye kiti, ngozi ya chui, dhahabu shingoni, viatu vyekundu, miwani yenye fremu nyeupe, na mkononi maua ya alizeti ameyashika kama fimbo ya utawala. Ikague ngozi ile na kitambaa cha nyuma: madoa juu ya madoa, na bado jicho linakwenda usoni moja kwa moja, kwa sababu ya ule weupe wa fremu ya miwani. Baadhi ya picha nyingine za Tati naziona nyepesi, karibu na matangazo ya biashara. Hii si nyepesi hata kidogo.

Mfululizo wa "African Spirits" wa mwaka 2008 una picha 14, na kwa wasomaji wa upande wetu Lumumba yumo, yumo na Nkrumah, Haile Selassie, Malcolm X, Angela Davis. Fosso amekuwa kila mmoja wao, akirudia picha ambayo dunia inaijua, kama ile ya Martin Luther King aliyopigwa na polisi wa Montgomery mwaka 1956 akiwa na kibao cha namba kifuani. Njia nzuri ya kuisoma sehemu hii ni kufungua picha ya asili kwenye simu, ukaiweka kando ya ukurasa. Linganisha kivuli chini ya pua: urefu wake unakuambia taa ilikuwa juu kiasi gani. Kufanana kwa sura peke yake hakukutoshi. Taa ikikosewa kwa nusu mita, Lumumba anaondoka, anabaki mtu aliyevaa miwani.

Atakayevutiwa na "SIXSIXSIX", zile picha 666 za Polaroid (zinazotoka papo hapo kwenye kamera) za miaka 2015 na 2016 ambamo hakuna mavazi wala samani ila uso tu, ajue ina kitabu chake peke yake, cha mwaka huohuo na wachapishaji haohao.

Katika maandishi, anza na mazungumzo marefu ya Fosso na Enwezor. Insha nyingine ni za wasomi, na mbili tatu unaweza kuziruka bila hasara.

Kuna jambo linalokifanya kitabu hiki kiwe na thamani ya kipekee. Februari 2014, wakati wa vita, nyumba ya Fosso Bangui iliporwa naye akiwa Paris. Negatifu zilitupwa nje, zikakanyagwa kwenye vumbi, na waandishi wa habari waliokuwa mjini ndio waliookota maelfu yake. Mwenye studio anayehifadhi kazi zote kwenye diski moja, kwenye droo moja, atafakari hilo kabla ya kugeuza ukurasa.

Ukikiagiza, uliza kwanza gharama za usafiri na ushuru, na sisitiza kifungwe na kona za kadibodi ngumu, maana vitabu vizito huumia kona. Kisomee mezani, ukikishika hewani mgongo utaachia. Kwa wakaao pwani, kilaze badala ya kukisimamisha, weka vifuko vya kunyonya unyevu rafuni, na kifungue mara kwa mara kurasa zipate hewa, la sivyo masika ikiingia zitashikana na ukungu utaanzia pembeni.