Kabla ya Kununua Kifutio cha Madirisha, Tazama Ncha za Mpira

Baridi ikishaondoka na jua la majira ya kuchipua likaanza kupenya ndani, malalamiko ya wasomaji huwa yale yale: dirisha limeoshwa mara mbili, na likikauka bado lina michirizi. Wengi huilaumu sabuni, wakaenda kununua chupa nyingine ya dawa ya vioo. Mara nyingi sabuni haina kosa. Kosa liko kwenye ulimi wa mpira wa kifutio, kile kifaa chenye mpini kinachokokota maji kutoka kwenye kioo.

Upana wa kifutio sitauzungumzia sana. Sentimita 35 zinatosha kwa vioo vingi vya nyumbani. Vioo vidogo vilivyogawanywa kwa fito vinataka 25. Jambo ambalo wanunuzi hawaliangalii ni ncha. Shika kifutio mlalo mbele ya macho: je, mpira umeizidi reli ya chuma inayoushika kwa milimita 2 hadi 3 kila upande? Ukiishia sawasawa na reli, au ukiwa umezama ndani yake, chuma ndicho kitakachogusa fremu kwanza. Ukanda mwembamba wa pembeni hautafikiwa, utabaki na maji, na maji hayo yatateremka juu ya sehemu uliyokwisha kuikausha. Tena chuma kinachoburuzwa juu ya kioo kinaweza kukikwaruza, na mkwaruzo haufutiki.

Kisha tazama ukingo wenyewe. Unapaswa kuwa na pembe kali kama ya rula, kwa sababu pembe hiyo ndiyo inayokata maji. Ukingo ukishakuwa mviringo hupita juu ya maji na kuacha utando. Ukiwa na jeraha, hata dogo kama tundu la sindano, utaacha mstari mmoja mwembamba ulionyooka, mahali pale pale kila unapopitisha. Ukiuona mstari wa namna hiyo, acha kubadilisha sabuni, badilisha mpira.

Kwa hiyo swali langu la kwanza dukani ni moja tu: mpira huu unatoka? Na wa akiba unauzwa?

Nafasi ya kwanza naipa Ettore, tena bila kusita, na hasa ile yenye reli ya shaba ya manjano. Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia, alipata hataza ya kifutio chake mwaka 1936 huko Oakland, California, wakati wasafisha madirisha walikuwa wakihangaika na vifutio vizito vya chuma vilivyojaa skrubu. Chake kilikuwa chepesi, chenye ulimi mmoja wa mpira, na umbo hilo ndilo linaloigwa mpaka leo. Mpira unachomolewa, unageuzwa ili utumie ukingo wa upande wa pili, kisha unatupwa na kuwekwa mwingine. Kifutio kimoja kitakudumu miaka mingi. Unachonunua tena ni mpira tu.

Unger, kampuni ya Ujerumani, inafuata kwa karibu. Inauza mpira mgumu na mpira laini: mgumu kwa hali ya joto, laini kwa baridi, kwa kuwa baridi huukakamaza mpira. Moerman ya Ubelgiji nayo ina reli iitwayo Liquidator, yenye vipande vya plastiki kwenye ncha vinavyofikisha mpira hadi kwenye fremu kabisa. Hiyo ni dawa halisi ya tatizo la ncha, ila plastiki hizo huchakaa kwa kusuguana na kioo, nazo ni gharama ya kurudia.

Mashine za betri za kunyonya maji, kama za Kärcher, zinafaa kwa mvuke wa asubuhi na vioo vya bafuni. Kwenye dirisha lenye kingo za kina, kichwa chake kipana huacha ukanda wa maji chini, na utaumaliza kwa kitambaa.

Vya bei rahisi vyenye mpira uliogundishwa: viache. Vile vya sumaku vya kusafisha pande mbili kwa pamoja: chembe moja ya mchanga ikinaswa katikati, umekichora kioo.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Wanarundika seti za vipande kumi, vitambaa, dawa na brashi ambazo hakuna aliyeziomba, lakini mpira wa akiba hawauweki. Kwenye pakiti wameandika kwa herufi kubwa kwamba kifaa hakiachi michirizi, ilhali vifutio vimetundikwa vikiegemeana na mipira imeshapinda kabla haijauzwa. Mnunuzi anauziwa takataka, kisha anaambiwa hajui kuosha.

Ukishapata kifaa kizuri, usikiharibu kwa sabuni. Matone machache ya sabuni ya vyombo kwenye lita 4 za maji yanatosha. Ukizidisha, utando utabaki. Osha wakati jua halipigi kioo, maana maji yakikauka kabla hujayafuta huacha madoa. Kausha kwanza ukanda wa sentimita 3 juu na pembeni kwa kitambaa, ndipo uvute kutoka juu kwenda chini, kila mvuto ukiupanda uliotangulia kwa sentimita 5. Baada ya kila mvuto futa mpira kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kitambaa cha maikrofaiba usikifue kwa kilainishi, kwani kilainishi huzifunika nyuzi zisinyonye maji.

Kabla ya maji yoyote, fagia njia za dirisha la kuteleza zikiwa kavu, la sivyo vumbi litakuwa tope na kuziba matundu madogo ya kutolea maji yaliyo chini ya fremu. Madoa meupe ya chokaa huondoka kwa siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, ila siki isidondoke kwenye kizingiti cha marumaru, kwa sababu asidi huila.

Kifutio chenyewe kitundike kwa mpini, mbali na jua, mpira usiguse chochote. Ukikisimamisha juu ya ulimi wake ndani ya ndoo, ulimi utapinda, na hautanyooka tena.