Kifaa cha kupozea kwa ukungu wa mafuta: kizuri, ila aliyeniuzia simsamehi

Nianze na lililoniudhi, maana bado linanichoma. Mtu amekuuzia kifaa kwa dola zako, kifaa kimeharibu kazi ya mteja, unamwita aje kuangalia. Anamtuma tekinisie, fundi wake. Huyo anafika, hasalimii, haulizi ulikuwa unakereza nini. Anatazama kuta za atelye, karakana yangu, anatazama turu yangu ya zamani, mashine ya kukerezea chuma, kisha anasema: "Papa, hii mashini haiko ya atelye ya mu kartie," yaani si ya karakana ya mtaani.

Mbele ya vijana ninaowafundisha. Mbele ya mteja aliyekuja kuchukua shafti yake. Mimi niliyejifunzia turu Likasi, mji wa migodi, kwa wazee waliokuwa wakichonga vipuri vya migodi kabla huyo tekinisie hajazaliwa.

Sasa kifaa chenyewe. Ni kile kinachochukua hewa ya kompresa na kuipuliza pamoja na mafuta kidogo ya mimea, ukungu mtupu, moja kwa moja kwenye ncha ya kisu. Kwa kawaida hutumia mililita 10 hadi 100 kwa saa nzima, wakati pampu ya maji meupe, yale maji yaliyochanganywa na mafuta ya kupozea kisu, humwaga lita kadhaa kila dakika. Hakipozi kwa kuosha. Kinalainisha, msuguano unapungua, joto linalozaliwa ni dogo, na sehemu kubwa ya lililobaki inaondoka na maranda ya chuma. Mengine yako kwenye karatasi yake, msome wenyewe.

Nilikinunua kwa sababu ya mikono. Waliokaa kwenye turu wanaelewa. Yale maji meupe ya mafuta, umeme ukikatika yakalala kwenye tangi bila kuzunguka, hasa joto la mwezi wa kumi, yanaoza. Unafungua mlango asubuhi, harufu inakupokea. Bakteria wamejaa humo, na wewe unatumbukiza mikono kutwa nzima. Mdogo kuliko wote hapa kwangu alikuwa na mipasuko katikati ya vidole, ngozi imekuwa nyekundu mpaka karibu na kiwiko, kufunga vifungo vya shati ilikuwa shida. Halafu yakichoka, pipa zima unalipeleka wapi? Lubumbashi hii, ukimwaga kwenye mfereji yanakwenda mtoni, na kandokando ya mto kuna akina mama wanaochota maji hayohayo kumwagilia lengalenga tunayokula jioni. Jambo hilo lilinisumbua miaka mingi.

Wiki za kwanza nilikisifu kwa kila aliyepita. Maranda yanatoka makavu, mnunuzi wa chuma chakavu anayabeba bila kulalamika. Sakafu haitelezi. Mikono ya yule kijana ikapona. Nimeiona kwa macho yangu, ngozi mpya imefunga kati ya vidole, na mpaka leo haijapasuka tena.

Ndipo mvua zikaanza, na ndipo ikaja ile shafti ya pampu ya asidi, kutoka kiwanda kimoja cha shaba. Inoksi, chuma kisichoshika kutu, aina ya 316. Inoksi haina huruma. Haipitishi joto vizuri, kwa hiyo joto linabaki palepale kwenye kisu, na kisu kikiacha kukata kikaanza kusugua, chuma kinajigandamiza na kuwa kigumu zaidi mbele yako. Nilikuwa kwenye mzunguko wa mwisho, kwenye kikalio cha rulema, yaani pale beringi inapokaa, mahali unapohesabu sehemu za mia za milimita. Sauti ya hewa ikabadilika, ikawa nyembamba. Kisu kikapiga mluzi. Kufika kwenye swichi, makali ya plakete, kile kipande kinachokata kwenye ncha ya kisu, yameliwa, na kwenye kikalio kuna pete inayong'aa na kando yake mchubuko ambao ukucha unaushika kabisa. Shafti hiyo imekwisha. Huongezi chuma mahali ambapo kimeshaondoka.

Nilifungua nozeli. Tone la maji likaanguka, na ndani kulikuwa na ute wa kahawia, umenata kama mawese yaliyokaukia ukingoni mwa kikaango. Hakuna uchawi hapo. Mafuta ya mimea yakikutana na joto na hewa kwa muda, yanageuka gundi. Na hewa ya kompresa msimu wa mvua ina unyevu. Ikishagandamizwa na kupoa ndani ya bomba, maji yanajitenga. Mwenye kompresa yeyote mjini anajua, ndiyo maana tunafungua koki chini ya tangi kila siku. Lakini koki haitoshi kwa tundu dogo hivyo. Panatakiwa kichujio na kikausha hewa kabla ya kifaa.

Na hilo nililiuliza! Siku ya kununua nilimuuliza aliyeniuzia, vijana wangu wamesimama hapo: kichujio cha maji kipo? Akanijibu si lazima, kifaa kimekamilika. Siku ya msiba tekinisie wake ananiambia kosa ni la kukosa kichujio, ambacho wao wanacho dukani, na hiyo safari yake ya kuja nayo nilipe. Akamalizia kwa kusema atelye kama yangu bora irudie maji meupe.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nimwoneshe mlango. Nani aliyemwambia kwamba kazi safi ni ya wakubwa? Kampuni kubwa ina tangi la kukusanyia uchafu na watu wa kuusafisha. Sisi tuna mfereji. Wanaohitaji kupunguza yale maji kuliko wote ni sisi. Na njia nyingine ziko mbali nasi: nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, nani ataniletea hapa Kampemba, na nitaiweka wapi? Lile bomba la hewa baridi alilolibuni Mfaransa Georges Ranque miaka ya 1930 ni zuri, halina hata kipuri kinachozunguka ndani, ila linakula hewa mpaka kompresa haipumziki. Ukungu wa mafuta ndio unaotufaa. Ndio huo huo anaoniambia si wangu.

Nilikaa kuandika haya nikitaka kusema msinunue. Siwezi. Kichujio na kikausha nilivipata kwa mtu mwingine, nikavifunga mwenyewe, nozeli tunaiosha kila jioni, na inoksi sasa inakatika vizuri. Mashimo marefu ya inoksi, hapana, ukungu wa nje haufiki chini na maranda yanakwama. Huko bado natumia maji meupe, kidogo. Na mkifungua mafuta mpaka mkauona ukungu ukielea kwenye mwanga wa dirisha, punguzeni, maana mnauvuta kifuani.

Kwa hiyo kifaa kinabaki, na nikiwa na hela nitanunua cha pili kwa ajili ya frezi, mashine yangu ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka. Kwa yule, sirudi. Shafti ya mteja nililipia chuma kipya mfukoni mwangu, na hakuna aliyepiga simu hata kusema pole. Anayemjua mwingine anayeuza nozeli na mafuta yake, Lubumbashi au hata Kasumbalesa, aniandikie hapa chini, akiba yangu ya mafuta inakaribia kwisha.